Nyapara Wako Ni Nani?

Usiku wa Jumanne moja mwaka jana, saa nane hivi, simu yangu iliwaka mezani. Nilikuwa ndio nimemaliza kuchora visanduku kwenye picha za barabarani: gari, mtu, baiskeli, gari tena. Hiyo ndiyo kazi nilikuwa nafanya, kufundisha mashine kuona. Kwenye akaunti nilikuwa na doo ya wiki tatu bado haijatoka, na nusu yake ilikuwa karo ya chuo. Ujumbe ulikuwa mistari miwili tu. Akaunti yako imefungwa kwa sababu umevunja masharti. Masharti gani? Haukusema. Nikajibu. Jibu likarudi papo hapo: anwani hii haipokei barua.

Asubuhi nikamwambia Babu. Babu anaishi na sisi hapa Jericho, lakini ujana wake ulikuwa Makongeni, kwenye nyumba za reli, kwa sababu aliingia karakana ya reli mwaka 1962. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akauliza swali moja.

"Sasa mjukuu wangu, nyapara wako ni nani?"

"Babu, hii kazi haina nyapara. Ni apu tu."

"Hakuna kazi haina nyapara. Sema hujamwona."

Wasee, hilo swali limenikalia mwaka mzima. Nimeuliza wazee wa mtaa, nimesoma, nimelinganisha. Tunaambiwa kila siku kwamba utandawazi na teknolojia vimebadilisha vile kampuni kubwa za kimataifa zinasimamia watu, kana kwamba mambo yalianza juzi na intaneti. Mimi nasema hapana. Eastlando ilijengwa kwa ajili ya bosi aliye mbali. Mbali si kitu kipya kwetu. Kilichobadilika ni yule mtu wa katikati, yule ungeweza kumfuata hadi mlangoni ukamuuliza "kwa nini?" Huyo ndiye ametolewa. Na mitaa hii yetu ilishawahi kujifunza njia ya kumlazimisha bosi ajitokeze.

BOSI WA LONDON

Tuanze 1888. Mwaka huo kampuni ya Waingereza iliyoitwa Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya malkia kufanya biashara na kutawala upande huu. Ona hapo: kampuni ikitawala nchi, na wakuu wake wameketi London. Ilishindwa, na kufika 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake. Mwaka uliofuata reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa. Mei 1899 ikafika kwenye kinamasi ambacho leo ni Nairobi, na Desemba 1901 ikagusa Ziwa Victoria. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini.

Sasa fikiria kusimamia kazi kama hiyo. Pesa iko London, vibarua wametoka India, vyuma vimekuja kwa meli, na kazi yenyewe iko katikati ya Tsavo. Walitumia telegrafu. Waya ulisafiri sambamba na reli, agizo likaenda, ripoti ikarudi. Hayo yote tunayoyaita leo utandawazi na teknolojia yalipita hapa kabla Nairobi kuwa na jina kwenye ramani.

Lakini waya ulikuwa na upungufu mmoja. Uliweza kupeleka agizo, haukuweza kuona nani amekaa kivulini. Kwa hiyo palihitajika nyapara. Neno lenyewe ni la zamani kuliko reli: nyampara alikuwa kiongozi wa wapagazi kwenye misafara iliyotoka Unyamwezi kuelekea pwani. Alikuwa anawasukuma watu watembee, ndiyo, lakini pia alikuwa anawasemea kwa mwenye msafara kuhusu posho na mzigo. Nyapara alikuwa na pande mbili. Shika hapo, tutarudi.

Neno lingine ni kibarua. Tunasema "niko kibarua" bila kufikiria. Kibarua ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Enzi za ukoloni kwenye mashamba ya walowezi, mfanyakazi alipewa tikiti ya siku 30. Kila siku aliyofanya kazi iliwekwa alama, na mshahara ulitoka siku zote 30 zikijaa. Siku ambayo mwenye shamba hakuridhika, alama haikuwekwa. Kwa hiyo mwezi wa kazi ungeweza kuvuta hadi wiki sita na zaidi. Nikisoma hapo nilicheka kidogo, kwa sababu kwenye apu yangu picha ikikataliwa haihesabiwi, na anayekataa humwoni.

Halafu kulikuwa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kukaza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kutembea na cheti chenye alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, mara nyingi ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Ukiacha kazi, lazima mwajiri aweke sahihi kwamba amekuachilia. Bila hiyo sahihi, mwajiri mpya hakuchukui, na polisi wanaweza kukukamata kwa kutoroka kazi. Mwaka 1922 hasira juu ya kipande na kodi ndiyo iliwaleta watu mitaani kwa sababu ya Harry Thuku.

Usiniambie kipande na nyota za dereva wa teksi ya apu ni kitu kimoja. Si kimoja. Kipande kilikuwa na bunduki nyuma yake, na nyota hazikupeleki jela. Lakini wazo limefanana: rekodi yako ya kazi inaandikwa na mwingine, inawekwa na mwingine, na ndiyo inaamua kama kesho utakula.

MITAA ILIVYOPANGWA

Ukisimama pale Makadara asubuhi mapema utaona watu wakikata reli kwa miguu kuelekea Industrial Area. Wamekata hivyo tangu nyanya zetu ni wasichana. Si bahati mbaya. Reli ilitaka wafanyakazi karibu na karakana, ikajenga nyumba zake Muthurwa, Landhies na Makongeni. Baraza la mji nalo likajenga Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, na miaka ya 1940 Kaloleni. Eastlando iliwekwa hapa kama stoo ya nguvu kazi, upande mmoja viwanda, upande mwingine reli. Nyumba ya reli ilifungwa na kazi ya reli, kwa hiyo ukifutwa, unarudisha na ufunguo wa keja.

Wakati huo huo huko Marekani kulikuwa na mtu anaitwa Frederick Taylor. Mwaka 1911 alitoa kitabu kuhusu usimamizi wa kisayansi. Wazo lake: gawanya kazi vipande vidogo, pima kila kipande kwa saa ya mkononi, halafu mwambie mfanyakazi njia moja bora ya kukifanya. Kufikiria ni kazi ya meneja, kufanya ni kazi ya mfanyakazi. Henry Ford miaka miwili baadaye akaweka magari kwenye mkanda unaotembea, na mwendo wa mkanda ukawa ndio nyapara. Haya mawazo yalisambaa duniani, na viwandani kwetu yakafika kama king'ora, kadi ya kupiga saa mlangoni, na supavaiza na daftari lake.

Babu anakumbuka king'ora. Anakumbuka pia msimamizi wake, ambaye simtaji. Anasema alikuwa mkali, mwenye matusi, lakini siku Nyanya alipojifungua Baba, Babu alimfuata nyumbani kwake saa mbili usiku, palepale Makongeni, mistari mitatu ya nyumba kutoka kwao, akaomba siku mbili. Alipewa. "Ningemwomba nani hiyo ruhusa kwa simu yako?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

MEI 1950

Wale waliopanga hii stoo ya nguvu kazi walisahau jambo moja. Ukiwaweka watu wa kazi pamoja, wanalala pamoja, wanachota maji pamoja, basi wataongea pamoja.

Tarehe 1 Mei 1949 ukaundwa muungano wa vyama vya wafanyakazi, East African Trades Union Congress. Fred Kubai alikuwa rais wake, na Makhan Singh katibu mkuu. Kubai alitoka upande wa wafanyakazi wa usafiri, Makhan Singh alikuwa mtoto wa familia ya wachapishaji kutoka Punjab. Aprili 1950, kwenye mkutano katika ukumbi wa Kaloleni, ule ukumbi ambao bado umesimama, Makhan Singh alitoa hoja ya kutaka uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Kaloleni hiyo hiyo tunapita tukienda mechi.

Tarehe 15 Mei 1950 wote wawili wakakamatwa. Kesho yake Nairobi ikagoma. Mgomo ulidumu karibu siku 9 na ukafika hadi miji mingine, Mombasa ikiwemo. Serikali ilileta gesi ya kutoa machozi na magari ya vita. Mgomo ukavunjwa, na Makhan Singh akawekwa kizuizini hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11.

Angalia sasa madai yao. Walitaka viongozi wao waachiliwe. Walitaka mshahara wa chini wa shilingi 100. Walitaka polisi waache kuwakamata watu manyumbani usiku. Na walitaka kufutwa kwa sheria ndogo za mji zilizokuwa zinawabana madereva wa teksi. Madereva wa teksi, Nairobi, 1950! Sijui kama umeskia, lakini mimi nilisoma hiyo sentensi mara tatu.

Funzo langu hapo ni hili. Mtu wa Shauri Moyo na mtu wa Muthurwa hawakuwa na mwajiri mmoja. Huyu alikuwa wa reli, yule wa manispaa, mwingine wa kiwanda. Mabosi walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa ng'ambo ya bahari. Kitu walichoshiriki ni mtaa. Mtaa ndio ulikuwa mtandao wao.

KIWANDA CHA BUDA

Uhuru ukaja, na kampuni za kimataifa zikabaki na kuongezeka. Ukitembea Industrial Area ya miaka ya 1970 na 1980, kila lango lilikuwa na jina unalolijua kutoka jikoni au bafuni kwenu. Buda wangu aliingia kiwanda kimoja huko kama fundi wa mashine. Sitakitaja. Alikuwa na kadi ya chama, mkataba wa pamoja ulijadiliwa kila baada ya muda, na meneja mkuu alikuwa juu, kwenye ofisi yenye dirisha linalotazama uwanja. Mgomo ukiwa karibu, huyo meneja alishuka ngazi. Alikuwa na uwezo wa kuamua: kuongeza saa za ziada, kununua mashine, kuandika watu.

Buda anasema mabadiliko yalianza polepole miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na kompyuta zikaingia ofisini. Kwanza, ripoti ambazo zilikuwa zinaenda makao makuu kila mwezi zikaanza kwenda kila wiki, kisha kila siku. Makao makuu yakijua kila usiku umetengeneza makasha mangapi, hayamhitaji tena meneja wa Nairobi afikirie. Meneja wa fedha akawa anaripoti kwa mkubwa wake wa fedha nchi nyingine, wa mauzo kwa mkubwa mwingine, na yule mzee wa dirisha akabaki na cheo na gari. Chama kikienda kumwona, jibu lake lilikuwa moja: "Hilo linaamuliwa huko juu." Huko juu ni wapi? Buda hakuwahi kujua. Siku kiwanda kilipofungwa, tangazo lilisomwa na mtu ambaye hawakuwahi kumwona, na alirudi uwanja wa ndege jioni hiyo.

Si kiwanda chake peke yake. Mwaka 2014 Cadbury ilifunga kiwanda chake cha Nairobi, na bidhaa za soko hili zikawa zinatoka Misri. Kwa nini Misri? Kwa sababu Kenya na Misri zote ziko kwenye eneo huria la biashara la COMESA tangu 2000, bidhaa zinapita bila ushuru, na kwa mtu anayesoma jedwali la gharama kwenye skrini, viwanda viwili vinavyohudumia soko moja ni kimoja cha ziada. Mwaka 2016 Sameer Africa, iliyokuwa ikiitwa Firestone East Africa, nayo ikafunga kiwanda chake cha magurudumu. Ukimuuliza nani aliamua, jibu la kweli ni kwamba namba ziliamua na mtu akaweka sahihi. Jamaa wa Industrial Area hawakuwa wavivu. Walikuwa mstari kwenye jedwali.

WAYA WA PILI

Mwaka 2009 waya mwingine ulifika Mombasa, safari hii chini ya bahari. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua mwaka huo, na intaneti ya Kenya ikaacha kutegemea setilaiti pekee. Miaka miwili kabla, M-Pesa ilikuwa imeanza. Weka hivyo viwili pamoja: sasa kampuni iliyo California inaweza kukupa kazi, kukupima na kukulipa bila kuwa na hata kiti kimoja Nairobi.

Januari 2015 Uber ikaingia jijini. Mwaka 2016 ikapunguza nauli kwa asilimia 35, na madereva wakagoma. Lakini ona ugumu wao: wanagoma mbele ya lango gani? Reli ilikuwa na karakana. Kiwanda cha Buda kilikuwa na geti. Apu ina nembo tu kwenye simu yako.

Hapo ndipo waya wa pili unatofautiana na wa kwanza. Telegrafu haikuweza kuona aliyekaa kivulini. Huu unaona. Unajua umesimamisha pikipiki dakika 4 Donholm, unajua umechukua sekunde ngapi kuchora kisanduku, unajua mteja amekupa nyota 3. Ile saa ya Taylor imeingia mfukoni mwako, na wewe ndiye unailipia bando. Kwa hiyo nyapara wa kusukuma bado yuko, amegeuzwa programu. Nyapara wa kukusemea ndiye hakuwekwa kwenye programu. Zile pande mbili nilikwambia ushike, moja imekatwa.

Nisikike vizuri: siwapigii debe manyapara wa zamani. Babu alitukanwa. Enzi za mkoloni mshahara wa reli ulipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata mkijua kazi sawa. Buda anawajua watu waliotoa kitu kidogo ili waandikwe kiwandani, na wengine walioachwa kwa sababu ya jina la ukoo. Apu haikuniuliza mimi ni kabila gani. Haikuniuliza namjua nani. Kijana wa Dandora bila godfadha anaweza kuanza kazi leo saa tisa. Hiyo ni nafuu ya kweli, na mtu akikwambia haina maana, hajawahi kuzunguka Industrial Area na bahasha ya vyeti.

Lakini bei yake ni hii: anayekukubali bila kukujua anaweza pia kukufuta bila kukujua.

MEI MOSI TENA

Sasa fuata hii hadithi, kwa sababu ilitokea hapa kwetu na dunia nzima ikaitazama. Kuanzia 2019 kampuni ya Sama ilikuwa inafanya ukaguzi wa maudhui ya Facebook kutoka ofisi za Nairobi. Wakaguzi ni wale watu wanaotazama video za mauaji na unyanyasaji ili wewe usikutane nazo ukiskroli. Wengi walikuwa vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Afrika Kusini na kwingineko. Sama pia ilifanya kazi ya OpenAI, na Januari 2023 gazeti la Time liliripoti kwamba waliosoma na kuweka alama maandishi hayo walilipwa chini ya dola 2 kwa saa.

Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alishtaki Sama na Meta, kampuni mama ya Facebook, katika mahakama ya Nairobi. Alisema alifutwa kazi baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake. Meta ikajibu vile Buda alijibiwa, ila kwa lugha ya mawakili: sisi si waajiri wake, sisi hatuko Kenya, mahakama yenu haituhusu. Februari 2023 mahakama ya ajira ikakataa hoja hiyo. Mwezi uliofuata zaidi ya wakaguzi 180 wakafungua kesi yao baada ya kuachishwa kazi. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema tena: Meta inaweza kushtakiwa hapa.

Katikati ya hayo yote, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama cha wakaguzi wa maudhui wa Afrika. Angalia tarehe. Kubai na Makhan Singh waliunda muungano wao tarehe 1 Mei 1949. Miaka 74 katikati, jiji lilelile, na hatua ya kwanza ileile: watu kuketi ukumbi mmoja, kutazamana usoni, na kuhesabiana. Kabla ya hapo bosi alikuwa "huko juu". Baada ya hapo akawa na jina, na jina hilo likasomwa mbele ya jaji wa Kenya.

NILICHOFANYA MIMI

Narudi kwa Jumanne yangu. Baada ya swali la Babu, nilienda base yetu pale Jericho nikauliza nani mwingine anafanya hii kazi ya picha. Nilidhani tuko wawili. Tulikuwa 9, wengine nilicheza nao kati tukiwa watoto, kila mmoja amejifungia chumbani kwake usiku akidhani yuko peke yake. Akaunti 4 kati ya hizo zilikuwa zimefungwa mwezi huo huo, kwa ujumbe uleule wa mistari miwili.

Tukaketi Jumamosi moja. Tukakusanya picha za skrini: saa tulizofanya, kazi zilizokubaliwa, pesa ambazo hazikutoka. Dada mmoja anayesomea sheria akatuonyesha kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kwa maneno ya mtaa, kinasema hivi: una haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, na ikitokea, unaweza kuomba liangaliwe upya. Kina mianya yake, kwa mfano kama uamuzi huo ni wa lazima kwa mkataba wenu. Lakini kipo, na ukipuuzwa unaweza kulalamika kwa ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Tukaandika barua moja, majina 4 chini, tukaituma kila anwani tuliyoipata, pamoja na ile ya kampuni kwenye karatasi za usajili.

Siku 19 baadaye likaja jibu. Lilikuwa na jina la mtu chini yake. Mtu! Alisema akaunti mbili zimefunguliwa, mbili zimebaki zimefungwa, na pesa zote zilizokubaliwa zitalipwa. Yangu ni kati ya zile zilizobaki zimefungwa. Sababu bado sijui. Doo yangu iliingia Ijumaa, na karo nikalipa nikiwa nimechelewa muhula.

Si ushindi wa kuimbia. Lakini nilimpelekea Babu simu asome lile jina. Akavaa miwani, akalisoma polepole, akaniuliza, "Huyu ndiye nyapara wako?"

"Hapana, Babu. Huyu pia anatumwa."

"Basi mwandikie huyo. Naye ana wake."

Ndio maana nimeandika hii. Kama wewe ni wa boda ya apu, wa picha, wa kuandika manukuu, wa kujibu simu za Wazungu usiku ukiwa Umoja, fanya vitu vitatu wiki hii. Hifadhi rekodi yako mwenyewe, tarehe na kiasi, nje ya apu. Soma masharti upate jina kamili la kampuni na nchi iliposajiliwa. Halafu toka nje uulize base nani mwingine anafanya hiyo kazi.

Halafu niandikie hapa chini: nyapara wako ni nani? Kama hujui, andika hivyo pia. Nataka kuona tuko wangapi.